Kiti Hupimwa Kabla Hakijatolewa

Viti vya magurudumu vikigawiwa kwa hafla huja safu nzima, vyote rangi moja na kipimo kimoja. Watu huitwa majina, picha hupigwa, kila mtu hurudi kwao na kiti chake. Pita mitaa ya Mombasa kama Likoni au Kisauni baada ya miezi michache uone: kimoja kinaanikiwa nguo, kingine kimeliwa na kutu nyuma ya nyumba, na mwenyewe amerudi kubebwa mgongoni. Hakukikataa kiti. Kiti ndicho kilichomkataa, maana ni kipana mno, au magurudumu yake ya mbele yanazama mchangani, au kimemtia kidonda.

Kiti cha magurudumu ni sehemu ya matibabu kama ilivyo miwani. Mtu huchunguzwa kwanza, akapimwa, akaandikiwa, kisha akafuatiliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa magongo, kwa mguu bandia na kwa viatu vya mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Hapa naeleza mlango upi wa kubisha Mombasa, nini cha kudai ukishaingia, na kazi huharibikia wapi.

Tuanze na milango, kwa sababu watu huzungushwa sana hapo. Tangu 2013 hospitali ziko chini ya serikali ya kaunti: zahanati na vituo vya afya vya mitaani, hospitali za Tudor, Port Reitz na Likoni, na ile ya rufaa, Coast General. Huko ndiko waliko wataalamu wa tiba ya viungo, wa tiba ya kazi (wale wanaoangalia utavaaje, utaogaje, utakulaje) na mafundi wa viungo bandia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, pesa za msaada za Inua Jamii na bima ya afya ya SHA ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo muuguzi hawezi kukupa kadi ya ulemavu, na ofisa wa Baraza hawezi kukupima mguu. Pembeni yao kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu kilichoanza 1958, chenye huduma za viungo na vifaa hapa Mombasa na mradi wa Bombolulu ulioanza 1969. Ukijua nani anafanya nini, umeshaokoa nauli ya safari mbili tatu.

Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, anzeni na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Kazi yake ni kuingia nyumbani, kuona hali na kumwandikia rufaa. Siku ya kwenda hospitalini, beba barua ya kutoka wodini, picha za eksirei, orodha ya dawa, na kifaa cha zamani hata kama kimevunjika. Beba pia viatu ulivyovaa mwaka mzima. Soli iliyolika upande mmoja humwonyesha mtaalamu mwendo wako kabla hujasimama. Mwanamume avae kaptura. Mwanamke avae dera jepesi na leso, ili nyonga na magoti yapimike pasipo kuvuliwa nguo mbele za watu.

Sasa vipimo. Kiti cha kawaida cha hospitali kina upana wa inchi 18, karibu sentimita 46. Mkalishe humo dada mwembamba mwenye nyonga za sentimita 34, zinabaki sentimita 12 za hewa. Ataegemea upande mmoja apate pa kuweka kiwiko, na uti wa mgongo utafuata. Mikono itatanuka kama ya mtu aliyekumbatia pipa ili ifikie ringi za kusukumia, na mabega yataanza kuuma. Kisha ukalio wa kiti hicho ni kitambaa tu, na kitambaa hulegea kikawa kama bembea. Mapaja huangukiana, fupanyonga hulala upande, mtu akabaki amepinda akiambiwa ni ugonjwa wake.

Kupima hakutaki mashine. Mkalishe mtu juu ya benchi ngumu, magoti yamekunjwa pembe mraba, nyayo zikae chini zote. Usitumie tepu ya fundi cherehani kuzunguka nyonga, kwani hufuata mkunjo wa mwili na kukudanganya. Weka vitabu viwili vigumu, kimoja kila upande wa nyonga, visimame wima, kisha upime nafasi iliyo kati yake kwa futi ya chuma ya seremala. Hiyo ndiyo nambari ya upana wa ukalio. Usiongeze sentimita za "akinenepa".

Kina cha ukalio hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, pande zote mbili. Miguu ikitofautiana, chukua mfupi. Ondoa sentimita 3 hadi 6. Ukisahau kuondoa, ukingo wa kiti utamgusa nyuma ya goti naye atateleza mbele siku nzima kuukwepa, akalie mkia badala ya mifupa ya makalio. Ukiondoa nyingi mno, mapaja yatakosa pa kutua na uzito wote utaangukia sehemu ndogo.

Urefu wa kikanyagio ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu anavyovivaa kila siku. Kwenye kiti chenyewe, hesabu huanzia juu ya mto ukiwa umekaliwa. Wengi hupima kutoka kwenye kitambaa, halafu wakaweka mto wa sentimita 5, na miguu ikabaki inaning'inia. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote hurudi kwenye mifupa ya makalio. Kikiwa chini mno, kitagonga kila jiwe. Kiache angalau sentimita 5 kutoka ardhini.

Mgongo wa kiti hutegemea nguvu za kiwiliwili. Anayejisukuma mwenyewe na anakaa imara, uishie chini ya mfupa wa bega ili mikono iwe huru. Anayeyumba apewe mrefu zaidi. Aliyekatwa miguu yote miwili ana jambo la peke yake: uzito wake umerudi nyuma kwa kuwa miguu haipo tena kuusawazisha, na kiti cha kawaida humpindua chali kwenye mwinuko wa kwanza. Ekseli ya nyuma isogezwe nyuma kabla hajaondoka karakana.

Siku ya kukabidhiwa kiti, usikubali kutia sahihi tu ukaondoka. Akae dakika chache, kisha mtaalamu apitishe mkono chini ya makalio, kiganja kikitazama juu, atafute ule mfupa unaochoma. Vidole vikiweza kucheza juu na chini kiasi cha milimita 5 au zaidi, ni salama. Vikiwa havichezi lakini vinatoka kwa urahisi, pana hatari kidogo. Vikiwa vimebanwa kabisa, mto huo haufai kwa asiyekuwa na hisia. Fanya upande wa pili pia, kwa kuwa mtu aliyepinda huelemea upande mmoja.

Hisia ndiyo jambo kubwa. Aliyepooza kwa polio hupoteza nguvu za misuli lakini hisia zake zipo: akichomwa na kiti atajua, atajigeuza. Aliyeumia uti wa mgongo, au aliyezaliwa na mgongo wazi, hajui. Anaweza kukalia sarafu au mshono mnene wa suruali ya jinzi kutwa nzima, na jioni kuna kidonda. Mtu huyo akipewa kiti bila mto, amepewa nusu ya kifaa, na nusu iliyobaki ndiyo inayomlinda uhai.

Sponji ya fundi wa makochi yaweza kufanya kazi ikikatwa vizuri: tabaka gumu chini, laini kiasi juu, na kishimo kifupi upande wa nyuma pale mifupa ya makalio inapotua. Sponji nyepesi ya bei rahisi hubonyea ikafika chini baada ya muda mfupi. Ibonyeze kwa ngumi. Usiposikia ubao wa chini, bado iko hai. Kifuniko kiwe legevu na chenye kuvutika. Plastiki iliyokazwa kama ngoma huzuia mto usizame, basi kishimo chote ulichokata kinakuwa bure. Kwa joto la Mombasa, jasho na mkojo huozesha sponji haraka. Ioshe kwa sabuni, ikamue kwa kuikandamiza, uianike kivulini, maana jua kali huifanya ivunjike kama mkate mkavu.

Asiye na hisia ajiinamishe mbele kifua kikaribie magoti, au aegemee upande huu kisha huu, walau kila nusu saa, na akae hivyo dakika moja mbili. Kujiinua kwa mikono sekunde chache hakutoshi kurudisha damu, na humaliza mabega. Asubuhi na usiku ngozi ikaguliwe: makalio, mkia, visigino, vifundo, nje ya nyonga. Vitabu husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipozidi weusi, panapong'aa, penye joto, au pagumu kuliko pembeni. Alama ikiwa haijatoweka nusu saa baada ya kuondoa uzito, hapo pasikaliwe tena mpaka ipotee. Usipasugue, usipake majivu wala dawa ya meno. Kidonda kilichoingia ndani huchukua miezi kupona, na viini vyake vikifika kwenye mfupa au damu humwua mtu.

Mtu akilala, ageuzwe kila saa mbili. Godoro likiwa limebonyea katikati, ratiba hiyo haimsaidii vya kutosha.

Kisha mazingira yetu. Gurudumu dogo gumu la mbele limeundwa kwa sakafu ya wodi. Lipeleke Mtongwe kwenye mchanga, litachimba shimo na kusimama, na anayekaa ataruka mbele. Kiti cha mtaa wa mchanga au matope kinataka magurudumu ya mbele makubwa na mapana, na umbali mrefu kidogo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale ni kinyume: kiti kirefu hakikati kona, na vizingiti ni vya juu. Ndiyo maana mtaalamu anapaswa kukuuliza unaishi wapi na mlango wako una upana gani. Asipouliza, mwambie wewe, na uende na kipimo cha mlango wa choo.

Chumvi ya bahari hula chuma polepole. Mara moja kwa wiki futa fremu na spoku kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, kisha tia tone la oili ya cherehani kwenye maungio ya kukunjia. Beringi zinataka grisi. Mafuta ya kupikia hunata, hushika mchanga, na kugeuka msasa unaokula ndani. Toa nywele na nyuzi za leso zinazojiviringisha kwenye ekseli ya mbele. Hizo pekee hufanya kiti kizito kama mkokoteni. Gurudumu la nyuma la hewa, ukilibonyeza kwa dole gumba, lisiingie zaidi ya milimita 5. Likilegea, kusukuma kunakuwa kugumu na breki hazishiki, kwa kuwa breki hubana tairi. Fundi yeyote wa baiskeli anaweza kuziba pancha na kukaza spoku. Beringi za kipimo cha ajabu ndizo zitakazokusumbua, kwa hiyo kabla hujapokea kiti cha msaada uliza vipuri vinapatikana wapi.

Feri ya Likoni nayo ina saa zake. Maji yakijaa, mteremko wa kuingia ni wa wastani. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ule mteremko unasimama na sakafu inateleza kwa ukoga wa bahari. Anayekusukuma akushushe kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini na wewe ukitazama juu. Wakati wa kupanda uelekee mbele. Ukishushwa ukitazama maji, mkono mmoja ukiteleza tu unaanguka kifudifudi. Waombe wahudumu wakupitishe kabla umati haujafunguliwa. Kwa barabara nyingine tuktuk ndiyo rafiki: mtu huhamia kwenye kiti cha abiria, kile cha magurudumu kikakunjwa miguuni. Mto utoke na mtu, asikalie chuma na ukalio mwembamba kutoka Bamburi hadi mjini.

Magongo ya kwapani niyaseme kwa ufupi. Yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, na uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana mshipa wa fahamu na kiganja hulegea, akawa na tatizo la pili. Raba za chini zikilika zibadilishwe siku hiyo hiyo, kwani vigae vilivyomwagikiwa maji havisamehi.

Watoto wanataka haraka kuliko wote. Mtoto akizaliwa nyayo zimepinda ndani, apelekwe kliniki ya mifupa wiki za kwanza kabisa, mifupa na kano zikiwa bado laini. Njia inayotumika ni ya daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa kwa mkono taratibu, hufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa, na plasta hubadilishwa kila wiki. Kwa kawaida huwa plasta tano hadi nane. Watoto wengi kisha hukatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi ya pale pale, wakafungwa plasta ya mwisho ya wiki tatu. Baada ya hapo huja viatu vilivyounganishwa na chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na wakati wa kulala mchana mpaka afike miaka minne au mitano.

Hapo pa mwisho ndipo panapoharibika. Mama anaona nyayo zimenyooka, joto la Machi limekaza, mtoto analia, bibi anasema mwacheni mtoto apumue. Viatu vinawekwa kabatini. Miezi michache tu, nyayo zinaanza kurudi ndani. Mtoto hulia siku mbili tatu za mwanzo kwa kutozoea kutupa mguu mmoja mmoja. Cheza naye kwa kukunja magoti yote pamoja, atajifunza. Soksi za pamba, pasiwe na mkunjo, kisigino kikae chini kabisa ndani ya kiatu. Kisigino kinachoponyoka hupata lengelenge, na lengelenge ndilo sababu ya pili ya watu kuacha. Viatu vikimbana au akivipita, rudi vibadilishwe. Usingoje tarehe ya kliniki. Wakati wa plasta nako, hesabu vidole kila unapobadilisha nepi. Vikipotea ndani ya plasta ujue imeteleza. Vikiwa baridi au vya buluu, plasta itolewe leo. Kukanda kwa mafuta hakunyooshi nyayo hizi, na kila wiki inayopotea kwenye kukandwa huzidisha ugumu wa kazi.

Kwa aliyekatwa mguu, na kwa wengi chanzo ni kisukari, kazi ya mguu bandia huanza wodini. Asiwekewe mto chini ya goti hata kama ni raha, kwani goti likigandia limekunjwa mguu bandia hautamkubali. Alale kifudifudi kwa muda kila siku ikiwa amekatwa juu ya goti. Kigutu kifungwe bendeji kwa umbo la nambari nane, kikikazwa zaidi kwenye ncha na kulegezwa kuelekea juu. Ukikaza juu, unakuwa umefunga kamba, na ncha huvimba kama balbu. Plasta ya kipimo ichukuliwe kidonda kimepona na uvimbe umetulia. Ikichukuliwa mapema, kigutu hupungua, na kikombe cha mguu bandia, pale kigutu kinapoingia, hucheza baada ya wiki chache. Kikianza kulegea kidogo huongezwa soksi. Ukifika soksi nyingi na bado kinacheza, ni kikombe kipya kinachotakiwa. Mguu uliobaki nao ukaguliwe kila usiku, kwa sababu kisukari hakikwenda na ule uliokatwa.

Karatasi zisisubiri mpaka tiba iishe, ziende sambamba nayo. Kadi ya ulemavu huanza na tathmini ya hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kwa fomu ya Wizara ya Afya nambari MOH 276B. Mweleze mtaalamu unachoshindwa kufanya: kupanda ngazi, kusimama dakika kumi, kushika kikombe. Jina la ugonjwa peke yake halionyeshi ulemavu. Kabla hujatoka, soma fomu: jina lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho, sahihi zote ziwepo, mihuri isomeke. Kisha fomu, nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na picha za pasipoti hupelekwa kwa Baraza, lililoundwa na sheria ya 2003. Sheria mpya ilitiwa sahihi 2025. Kadi haiuzwi. Anayekuomba "ya chai" anakuibia.

Kadi haikuandikishi SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Hiyo jiandikishe kwa *147#. Haikuingizi moja kwa moja kwenye Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Aliyeajiriwa aombe KRA, mamlaka ya kodi, cheti cha msamaha: shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi, lakini bila cheti hicho mwajiri ataendelea kukata.

Ukiomba kifaa kwa Baraza au kwa mfadhili yeyote, usiandike tu "naomba kiti cha magurudumu". Ambatanisha karatasi ya vipimo iliyotiwa sahihi na mtaalamu: upana, kina, kikanyagio, mgongo, aina ya mto, aina ya ardhi ya mtaani kwako. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataja haki ya kupata vifaa vya kukabili vizuizi vya ulemavu, na kifaa kisichokutosha hakikabili chochote. Baki na nakala. Kwa mtoto, tarehe iandikwe juu kwa kalamu nene, na vipimo vichukuliwe upya kila miezi sita, kwani ombi likichelewa mwaka mmoja, kiti kitakachofika kitakuwa cha mtoto aliyekuwa mwaka jana.